Nani Alimstaafisha Nahodha

Wanaosema kwamba Jumamosi ile nilivunja saa ya ukutani ya Fundi wananisingizia. Mimi nilifunga mlango tu. Saa ilianguka yenyewe, na kama ilitundikwa kwenye msumari uliolegea, hilo ni kosa la mwenye duka, ambaye siku hiyo alikuwa na makosa mengine makubwa kuliko msumari.

Nilifika pale nikiwa na furaha, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kwenye mkoba nilikuwa na barua ya ofisini. Mimi, mchoraji ramani niliyekaa miaka sita nikichora vipimo vilivyoletwa na wengine, safari hii niliomba na nikachaguliwa kwenda kupima mwenyewe, miezi sita porini na kikosi cha wapima ardhi. Jibu lilitakiwa Jumatatu asubuhi. Mtu wa kwanza kumwonyesha barua hiyo alikuwa Fundi. Aliisoma mara mbili, akaikunja kwa vile vidole vyake vilivyozoea vitu vidogo vidogo, akasema, "Hongera, Rula." Kisha akanitazama kwa muda mrefu. Mimi mjinga nikadhani anaona fahari.

Rula ndilo jina langu pale mezani. Nilipewa kwa sababu ya mistari yangu iliyonyooka, ingawa Kinyozi anadai ni kwa sababu nikikasirika naweza kumchapa mtu nayo.

Tulikuwa wanne. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tulikutana chumba cha nyuma cha duka la Fundi Saa: mimi, yeye, Kinyozi mwenye duka lake ng'ambo ya barabara, na Muuguzi wa wodi ya watoto. Mchezo wetu hauna ubao wala mshindi. Mmoja anakuwa msimulizi, anaieleza dunia ya kubuni na mambo yanayotokea ndani yake. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Pakiwa na shaka, dadu inatupwa. Shangazi yangu, aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa, anauita mchezo wa watu wazima waliokosa adabu, na kwa ajili hiyo alimkataa Fundi mara tatu. Alisema hawezi kumtoa binti kwa mwanamume anayekaa mchana kutwa akizungumza na majoka.

Tuna sheria mbili. Ya kwanza Muuguzi aliiandika kwenye kipande cha boksi akakibandika ukutani: USIMSEMEE MHUSIKA WA MWENZAKO. Msimulizi anaweza kukuletea joka, mafuriko, njaa na hata mama mkwe, lakini utakachofanya mbele ya hayo ni chako peke yako. Ya pili niliileta mimi kutoka kazini. Kwenye ramani yetu, kilichochezwa mezani ndicho kinachopigwa wino. Ambacho bado hakijachezwa kinabaki penseli.

Siku hiyo tulikuwa tunachagua dunia mpya. Ile ya zamani tuliimaliza baada ya miaka miwili, mfalme kapatikana, laana imeondoka, basi. Kinyozi alitaka falme mbili za majitu zinazopigana. Muuguzi akasema hapana, kila Jumamosi vita, kila Jumamosi yeye anafunga vidonda, na vidonda anafunga kazini, hana haja ya kuvifuata huku. Yeye alitaka mji mmoja mkubwa wenye siri. Kinyozi akauliza panga lake atalifanyia nini mjini, akate nywele? Mimi nilitaka safari, nimesafiri kwa kidole tu juu ya karatasi tangu nianze kazi. Kwa kifupi tulitaka dunia inayonyumbulika, ya kumpa kila mmoja nafasi yake bila mwenzake kuchoka baada ya wiki tatu.

Tulipobishana vya kutosha, Fundi akasema, "Ninayo dunia."

Akainuka, akashusha kutoka juu ya kabati lile bomba la karatasi ngumu nililompa mimi mwenyewe, na moyo wangu ukaruka. Niliijua dunia iliyokuwa ndani. Ilikuwa yetu sisi wawili.

Miaka mitatu iliyopita, kabla meza hii haijaanza, Fundi alikwenda mbali kutengeneza saa za vituo vya treni. Kule simu hazikushika, kwa hiyo tuliandikiana barua, na katika kila barua tuliweka kisiwa kimoja. Visiwa vyetu havikutulia. Vilielea usiku, na asubuhi kila kimoja kiliamka na majirani wapya. Kimoja mtu hapewi jina mpaka afe. Kingine mvua hupanda. Kingine hakuna anayeweza kudanganya kabla ya jua kufika utosini, kwa hiyo wafanyabiashara wote hulala mpaka mchana. Mimi nilikuwa na mhusika wangu, Nahodha, mwanamke mwenye meli kuukuu na mdomo mchafu. Yeye alikuwa na Mlinzi wa Mnara, anayewasha taa ili meli ijue pa kurudi. Miezi minane tuliishi hivyo. Nilijifunza kumpenda kwa mwandiko wake kabla sijajua kwamba akicheka hufumba macho.

Hakuniuliza kama anaweza kuileta mezani. Nilikereka, lakini nikameza, maana aliieleza vizuri mno. Kinyozi aliuliza majoka yako kisiwa kipi, naye akajibu kwamba kama hakipo watakikuta njiani, kwani visiwa havijaisha. Muuguzi aliuliza kama pana hospitali. Fundi akamwambia kipo kisiwa ambako magonjwa yana akili na lazima ujadiliane nayo, na Muuguzi akapiga makofi. Kila alipomaliza jambo alinigeukia aone kama nimependa. Ile alama ya mduara inayoachwa na kioo cha kukuzia anachobana jichoni kazini ilikuwa bado kwenye jicho la kulia. Nikatikisa kichwa, ndiyo, endelea. Nilimpenda sana dakika ile.

Kisha akaikunjua ramani.

Ilikuwa imepigwa wino yote. Visiwa arobaini na kitu, vile nilivyovichora kwa penseli laini ili vihame, vilikuwa vimekolezwa weusi tii. Chini ya kila kimoja alichora mnyororo na nanga.

"Nimevituliza kidogo," alisema. "Tukiwa wanne, vikihamahama itakuwa vurugu."

Nilimuuliza dunia inayonyumbulika ikifungwa minyororo inakuwa nini. Nilikuwa bado na hasira za kikazi tu, hasira za mchoraji aliyeguswa karatasi yake. Kinyozi alisema hata yeye anaona afadhali vihame. Lakini Muuguzi alikuwa ameinama juu ya kisiwa cha mnara, kile kilicho katikati, ambacho kwenye barua tulikubaliana kukiacha kitupu mpaka siku tutakapokijua. Sasa kilikuwa na nyumba, na pembeni ya nyumba maandishi madogo mazuri. Akayasoma kwa sauti, akicheka, bila kujua anasoma nini.

"Hapa anaishi Mlinzi na mkewe, aliyekuwa nahodha. Amestaafu. Haondoki."

Kicheko kilimkauka. Wiki iliyopita tu nilikuwa nimewaambia wote kwamba katika dunia yoyote tutakayochagua, mhusika wangu atakuwa nahodha.

"Nani kamstaafisha?" niliuliza.

Fundi akakuna kidevu. "Ni wazo tu."

"Limepigwa wino."

"Rula, nilidhani... Nilitaka awe na mahali pake. Hata siku ambazo wewe hupo mezani."

"Nikiwa porini, unamaanisha. Miezi sita nipo porini, nikirudi namkuta kaolewa, kastaafu, na mnyororo mguuni."

"Lakini hutakuwa porini," alisema.

Alilisema taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo lililokwisha. Kisha akasikia alichosema, na rangi ikamtoka. Kinyozi akaanza kuchunguza dadu kana kwamba hajawahi kuiona. Nikamwambia Fundi tutoke mbele, dukani. Alipotoka nikafunga mlango nyuma yetu, na hapo ndipo saa ilipoanguka.

Sitaki kusema uongo, niliufunga kwa nguvu.

"Sema," nilimwambia. "Sitakuwa porini kwa nini?"

Akajaribu kuniambia tukae. Nikakataa. Ndipo akasema yote, macho yakiwa kwenye vioo vilivyotapakaa sakafuni. Jumatano yeye na mama yake walikwenda kwa shangazi. Wazee walizungumza, wakaelewana. Ndoa baada ya miezi mitatu. Mambo ya porini, mahema na wanaume kumi na wawili, ambayo shangazi alijua nimeyaomba, yaishe, nibaki na kalamu zangu ofisini kama mwanamke mwenye staha. Na Jumamosi, baada ya ndoa, niwe nyumbani. Yeye mchezo wake hawakuutaja tena. Kumbe uliacha kuwa utovu wa adabu ulipobaki wa mwanamume peke yake.

"Na wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Hukukataa."

"Sikukubali pia, Rula. Nilikaa tu."

"Ulikaa tu. Halafu ukarudi hapa ukachukua wino."

Akanyanyua uso. "Shangazi yako amenikataa mara tatu. Mara tatu nimetoka pale nikiona aibu kuvuka barabara. Jumatano alikuwa anacheka. Alinikaribisha kiti, akaniita mwanangu. Niliogopa nikifungua mdomo ataacha kucheka."

Nilimpigia shangazi simu pale pale, nikiwa nimesimama juu ya vioo. Hakutaharuki hata kidogo. Alisema asiyekuwepo na lake halipo, na Jumatano jioni mimi nilikuwa kazini kama kawaida yangu, sasa nani alaumiwe? Nikamwambia kama nilikuwa kazini basi na atakaponitafuta tena atanikuta huko huko. Akasema nitazeeka nimeshika kamba ya kupimia, na kwamba mwanamume hasubiri, nimwulize yeye aliyewahi kumwambia mmoja asubiri na asimwone tena. Sauti ilimbadilika kidogo hapo, na siku nyingine ningemwonea huruma. Siku ile nilimwambia shikamoo nikakata simu. Nilimaanisha kwaheri, ila hasira ilishachanganya maneno.

Nilipogeuka, Fundi alikuwa amechuchumaa anaokota vioo kwa mikono mitupu, na kidole kilikuwa kinatoka damu. Mwanamume anayeweza kushika kijino cha saa bila kukipinda, kioo cha ukutani kinamkata. Nikamvuta mkono, nikatoa leso, nikamfunga kidole huku nikimsema. Nilimwambia ni mwoga, ni kigeugeu, ni mtoto wa mama, na nikakaza fundo mpaka akakunja uso. Alinuka mafuta ya mashine na sabuni ya kipande, kama siku zote. Nyuso zetu zilikuwa karibu mno. Hasira hazikunizuia kuona kope zake zimelowa.

"Usiende," alisema. "Miezi sita siwezi."

"Mimi niliweza minane."

"Wewe ni wewe."

"Mkuki kwa nguruwe, siyo? Ulipokwenda kwenye saa zako, nani alikustaafisha? Nani alikuchorea nyumba na mnyororo? Nilikuandikia kila wiki. Mwezi wa tano barua zilikwama, wiki sita sikupata neno, shangazi kila jioni ananiambia umeoa huko. Sikulia mbele yake hata siku moja. Nilichora kisiwa kingine nikatuma."

Alikuwa hajui habari ya wiki sita. Niliona inavyomwingia.

"Sema unachotaka," alisema. "Chochote, Rula. Nitafanya."

Hapo ndipo hasira zangu zilipofika juu kabisa, na cha ajabu, sauti yangu ikashuka.

"Hilo ndilo baya lako. Shangazi akisema, unafanya. Mama akisema, unafanya. Sasa unataka na mimi niseme ili nawe ufanye. Wewe mwenyewe unataka nini? Mbona mdomo wako unafunguka tu kwenye kisiwa cha kubuni, ambako mimi sipo kukujibu?"

Saa zote za dukani ziligonga saa tisa, moja baada ya nyingine, maana hajawahi kuzipatanisha. Zilipomaliza alikuwa bado hajajibu. Nilitoa barua ya ofisini mkobani, nikaitandaza juu ya meza yake ya kazi kati ya bisibisi na mishale ya saa, nikatia sahihi. Kalamu ilikuwa yake, ile ile aliyochorea minyororo. Alinitazama mpaka nikamaliza herufi ya mwisho.

"Hukuninyang'anya kalamu," nilisema. "Ahsante kwa hilo."

Nikarudi chumba cha nyuma. Kinyozi na Muuguzi walikuwa wamekaa wima, na niliona kwamba wamesikia kila neno, mlango ule ni wa mbao nyembamba. Nikatoa wembe wangu wa kazini. Watu wengi hudhani wino hautoki. Kwenye karatasi ngumu ya ramani unatoka, ukijua. Unalaza wembe ubapa, unaparua kidogo kidogo bila kukandamiza, kisha unalainisha mahali hapo kwa ukucha, wino mwingine ukija usisambae. Kinyozi, ambaye riziki yake ni wembe, alisogea aone.

Nilianza na mnyororo wa kisiwa cha mnara. Nikaja kwenye maandishi. Nikaparua "Haondoki", nikaparua "Amestaafu", nikaparua "aliyekuwa nahodha". Nikaparua "mkewe", na hapo mkono ulisita, kwani neno lenyewe sikuwa na ugomvi nalo. Ugomvi wangu ulikuwa wino. Nikachukua penseli, nikaliandika tena hafifu pale pale palipokuwa peupe. Fundi alikuwa amesimama mlangoni na kidole chake kilichofungwa leso. Aliliona.

Nyumba sikuigusa. Nikaketi kwenye kiti changu.

"Tuanze," nilisema. "Kaa, msimulizi."

Akakaa. Muuguzi akaniangalia kama anavyoangalia homa, akipima kama inapanda au inashuka.

"Nahodha anang'oa nanga," nilisema. "Jumatatu asubuhi."

Fundi alilamba midomo. Sauti ilimtoka nyembamba, lakini ilitoka. "Bahari imechafuka."

"Ameshaiona bahari iliyochafuka."

Kinyozi akanisogezea dadu, ndiyo desturi pakiwa na mashaka. Nikairudisha kwake. Nikasema hili halitupiwi dadu.

"Atarudi?" aliuliza Fundi. Hakuwa ananitazama kama msimulizi tena.

"Safari ni ya miezi sita. Anakusudia kurudi."

"Na Mlinzi wa Mnara?" alisema. "Yeye atafanya nini?"

Nilikuwa na jibu, tena refu. Atakwenda kwa shangazi kesho, kabla jua halijafika utosini, atafungua mdomo hata kama kicheko kitakatika. Atamwambia mama yake. Ataniandikia kila wiki, na zikikwama barua wiki sita ataandika ya saba. Ataacha taa inawaka. Yote yalikuwa kwenye ncha ya ulimi, na najua kabisa kwamba ningeyasema angeyafanya moja baada ya jingine, bila kukosea, kama anavyofuata karatasi ya maelekezo ya saa mpya. Nikatazama boksi la Muuguzi ukutani.

"Huyo ni wako," nilisema. "Siwezi kumsemea."

Nikafuta wembe, nikaurudisha kwenye ala yake, nikabeba mkoba. Safari hii mlango niliuacha wazi. Nilikuwa nimefika katikati ya duka, viatu vinakanyaga vioo, niliposikia Muuguzi akisema nyuma yangu, bila ukali, kama mtu anayemwamsha mgonjwa anywe dawa:

"Fundi. Zamu yako."